Shamba la Saba

Jumatano, 24 Septemba

Hakuna mvua. Mahindi ya upande wa barabara yamekauka hadi maganda. Ya upande wa mto bado yana ukijani. Tutaanza kukata tarehe sita Oktoba, Mungu akipenda.

Daftari hili nimelinunua mjini Kitale ili niandike mvua na mavuno, kama nilivyofanya kila mwaka tangu nistaafu ualimu. Mambo mengine yataingia iwapo tu yanahusu shamba. Maneno ya watu nitayaandika kama walivyoyasema, si kama yalivyopasa kusemwa.

Ijumaa, 26 Septemba

Upepo mkavu kutoka mlimani. Jirani yetu Hiram Ngige, auzaye mbao, alisimama langoni.

"Mwalimu, nasikia kwa redio ati nyinyi watu wa Elgon ndio ile kabila ya Israeli ilipotea. Si ungeniambia mapema, bana. Miaka yote hii nakusalimia kama Mkenya wa kawaida."

Nikamwambia kwamba Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea Sulemani mbao za mierezi mpaka hekalu likaisha, wala hakuzua porojo langoni.

"Basi ukijenga hekalu uniite," akasema. Mkewe, Wacuka, alicheka kuliko sisi sote wawili.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya ibada shemeji Jelimo alipiga simu kutoka karibu na Kapsokwony. Ni mke wa kaka yangu Kipsang, na si mtu wa kupiga simu bila sababu.

"Shemeji, kuja uongee na ndugu yako. Amesema hii mahindi hatavuna."

Nikauliza kama anaumwa.

"Haumwi, anakula vizuri. Ati ni mwaka wa saba. Ati shamba ipumzike."

Nitakwenda keshokutwa.

Jumanne, 30 Septemba

Nimekwenda na kurudi. Kutoka Kimilili nilipanda pikipiki. Barabara ya mlimani ni vumbi tupu.

Kipsang ana miaka themanini na mmoja, saba kunizidi. Macho yake hayaoni mbali siku hizi, lakini shamba lake ni zuri kuliko langu: ekari tano, kila bua lina gunzi nene. Hicho ndicho chakula chake na cha Jelimo, pamoja na wajukuu watatu ambao mama yao alifariki. Hawana kingine hadi Agosti ijayo.

Tangu mwaka 2019 kaka yangu yumo katika kusanyiko linaloabudu Jumamosi. Linasema kwamba sisi watu wa mlima huu ni mabaki ya Gadi, mojawapo ya makabila kumi yaliyochukuliwa mateka na Waashuri na yasionekane tena. Sababu zao ni tatu. Tunatahiri. Wazee wetu walisema tulitoka Misri. Na zamani hatukuchanganya nyama na maziwa siku moja. Hilo la tatu ni kweli, nimelishuhudia: baba yetu alimnyang'anya Kipsang kibuyu cha maziwa mkononi kwa sababu hiyo. Lakini watu wengi wafugao ng'ombe hufanya hivyo, na si lazima wote wawe wametoka Samaria.

Kiongozi wao ni Kipkosgei, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Ana miaka hamsini na minne na mvi kichwani, lakini alipofika alinisalimu akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama darasani. Si tapeli. Ana ekari mbili za mahindi na ameziacha vilevile.

Nilimfungulia kitabu cha Walawi. Nikamwonyesha kwamba mwaka wa saba mtu asipande wala asivune, lakini mahindi haya yalipandwa Aprili, yaani mwaka wao wa sita. Wao wanahesabu mwaka kuanzia mwezi wa saba, wiki iliyopita tu. Mmea wa mwaka wa sita una kosa gani?

"Mwalimu, hapo umesema kweli," akajibu. "Hiyo kitu Biblia haijasema wazi. Mimi mwenyewe ilinisumbua. Ndio sababu Mungu alituachia wimbo."

Akauimba. Kipsang akamfuata, na Jelimo, akiwa jikoni, akaitikia bila kutaka. Ni ule Wimbo wa Mashamba Saba, ambao mlimani kote sasa unaimbwa wakati wa tohara na arusi. Unahesabu mashamba ambayo wazee walilima njiani kutoka Misri, moja baada ya jingine. Ubeti wa mwisho, kwa Kiswahili, ni huu:

*Shamba la saba tuliliacha limesimama,*
*wimbi limeiva, mundu umelala.*
*Ale ndege, ale mgeni,*
*ale asiye na mama.*

"Limesimama," akasema Kipkosgei. "Wimbi limeiva. Unaona, Mwalimu? Ilikuwa imepandwa kabla."

Kipsang akasema, "Baba alikuwa akiuimba huu tukichunga."

Nilimaliza chai yangu, nikaaga.

Sasa sina budi kuandika jambo lisilohusu mvua. Baba hakuwahi kuuimba wimbo ule. Niliutunga mimi, Mei 1983, nikiwa na miaka thelathini na miwili, kwa ajili ya tamasha la muziki la shule. Kitengo chetu kilitaka wimbo wa asili uliotoka kwa wazee. Mzee niliyekuwa nikimtegemea alifariki wiki tatu kabla ya siku yenyewe, na watoto walikuwa wamekwisha kushonewa mavazi. Nikatunga. Niliandika wimbi, nafaka ya wazee, badala ya mahindi, kwa kuwa nilijua mahindi ni mgeni hapa na waamuzi wangenishika. Chini ya ukurasa niliandika: "Umesimuliwa na wazee wa Elgon." Tukawa wa kwanza. Cheti kimetundikwa sebuleni kwangu hadi leo.

Aliyeongoza wimbo siku ile alikuwa mvulana wa darasa la sita mwenye sauti kali. Jina lake Kipkosgei.

Jumatano, 1 Oktoba

Hakuna mvua. Nimenoa mapanga.

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumeanza kukata. Mabua yanasimamishwa mafungu mafungu ili magunzi yakauke. Vibarua wanne, Jerono mke wangu, na mimi. Ekari moja imekwisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Alikuja mgeni, Bi. Nyambu, mtafiti wa chuo kikuu kimoja. Ni Mtaita, na Kiswahili chake kimenyooka. Kwa muda mrefu sijasikia mtu wa umri wake akitamka "ambaye" na "ambacho" kila kimoja mahali pake. Anakusanya masimulizi ya jamii zinazojihesabu kuwa Waisraeli waliopotea. Kusanyiko lilimwelekeza kwangu kwa sababu mimi ni msomi na jina langu limo katika historia ya wimbo.

"Mwalimu, wanafunzi wako wanasema ulikuwa wa kwanza kuuandika. Ninyi wenyewe mliupata wapi?"

Nikasema, "Kwa wazee."

Akaandika. Akauliza wazee gani. Nikasema wengi wao wamekwisha kufa. Akaandika na hilo. Akasema atakuwa kwenye kusanyiko Jumamosi ya tarehe nane Novemba kuurekodi, naye angefurahi nikitia sahihi kama shahidi.

Kwa hiyo leo, saa nne asubuhi, nikiwa mtu mzima wa miaka sabini na minne, nimesema uongo tena. Ule wa kwanza niliweza kusema ulikuwa wa kijana mwenye haraka. Huu hauna pa kusingizia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hakuna mvua. Ekari mbili na nusu.

Jumanne, 14 Oktoba

Wingu zito mlimani. Halikushuka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumemaliza kukata. Hiram alikuja kuona mafungu.

"Ndugu yako amekata?"

"Bado."

"Ni ukweli ati ameachia watu?"

Nikasema ni kweli.

"Aah. Huyo ni Mwisraeli kabisa," akasema. "Mimi ningepotea na mahindi yangu." Akacheka, kisha alipoona sicheki akauliza wajukuu wale watakula nini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua, saa tisa hadi saa kumi na moja. Si wakati wake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Mafungu yetu yanastahimili, kwa kuwa mabua yamelaliana na maji yanateleza. Mahindi yaliyosimama shambani peke yake hayana kinga. Gunzi lililoelekeza kichwa juu hunywa maji kama kikombe. Nilimpigia Jelimo.

"Iko sawa kidogo," akasema. "Sellah ameanza kuja."

Sellah ni mjane anayeishi chini ya kilima, ana watoto watano. Kipsang alisimama kusanyikoni akatangaza kwamba shamba liko wazi kwa yeyote asiye na kitu, basi Sellah akaja na kikapu. Siku ya kwanza, asema Jelimo, alichuma magunzi manane tu, akasimama akitazama nyumba kama mwizi. Kipsang akamwita, akamwambia arudi na gunia.

"Sasa mimi nitamkasirikia aje?" Jelimo akaniuliza. "Na mimi najua hiyo chakula ni ya watoto wa Chelagat."

Chelagat ndiye binti yao aliyefariki.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua kubwa. Mafungu mawili yameanguka.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua asubuhi, jua mchana. Tulikuwa tukimenya magunzi kibarazani, Jerono na mimi, bila mtu mwingine. Akasema:

"Mzee, ule wimbo uliutungia jikoni kwangu."

Niliendelea kumenya.

"Nilikuwa nasonga ugali. Ukaniuliza, 'asiye na mama' na 'asiye na baba,' gani inaingia vizuri. Nikakuambia mama."

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Neno moja katika ubeti ule hata si langu.

"Nimengoja uniambie tangu urudi kwa ndugu yako," akasema. "Mwezi mzima unaandika tu kwa hiyo kitabu."

Nikamweleza ninachohofia. Kwamba Kipsang ni mzee, na kwamba katika miaka hii saba nimemwona akitembea kama mtu aliyepewa heshima. Kwamba Kipkosgei amejenga maisha yake juu ya ubeti ule. Na kwamba kwa miaka thelathini na sita nilisimama mbele ya watoto na kalamu nyekundu.

Jerono alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Na watoto wa Chelagat wale nini? Wino?"

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Nimekishusha cheti ukutani na kukitia ndani ya bahasha. Kesho nitakwenda nacho.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua hadi saa tatu, kisha mawingu. Njia ilikuwa utelezi. Mwendesha pikipiki aliniomba nishuke mara mbili, nikatembea.

Kusanyiko hukutana katika jengo la mabati karibu na shamba la Kipsang. Nilikuta watu kama sitini. Bi. Nyambu alikuwa ameweka kinasa sauti mezani. Kaka yangu alikuwa mstari wa mbele, na blanketi lake begani. Sellah alikuwa nyuma na watoto wake.

Waliuimba wimbo mara moja, wote, kwa ajili ya kurekodi. Lazima niseme kwamba waliuimba vizuri. Wameongeza kiitikio ambacho sikukitunga, na ni kizuri kuliko nilivyofanya mimi. Kisha Kipkosgei akasema Mwalimu Noah Kimaiyo atatoa ushahidi.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno yangu, lakini karatasi ilikuwa imelowa mfukoni. Nikasema kwa kifupi: kwamba wimbo huu niliutunga mimi mwezi wa Mei 1983, kwamba hakuna mzee aliyenisimulia, kwamba nilidanganya waamuzi, nikawadanganya watoto, na tarehe tisa Oktoba nikamdanganya Bi. Nyambu. Nikatoa cheti nikakiweka mezani. Nikasema kwamba kuhusu Misri na Gadi mimi sijui, wala sina ushahidi wa kukanusha. Lakini kuhusu shamba la saba najua, na hakuna babu yeyote aliyeacha wimbi limesimama. Mtu asiache mahindi yake yaoze kwa sababu yangu. Nikaomba radhi. Nikakaa.

Mtoto mmoja wa Sellah alikohoa. Kipkosgei alikichukua cheti, akakisoma pande zote mbili, ingawa nyuma hakuna kitu.

"Mwalimu," akasema, "darasa la sita nilisema uongo juu ya kitabu cha maktaba. Unakumbuka?"

Nikasema sikumbuki.

"Mimi nakumbuka. Uliniandikisha 'Njia ya mwongo ni fupi' mara mia moja. Nikaandika mpaka mkono ukakufa." Akakiweka cheti chini polepole. "Hii yako imekuwa miaka arobaini na mbili. Si fupi."

Baadhi ya watu walicheka, si kwa furaha. Alikuwa sahihi.

Mzee mmoja akasema ati nimelipwa na makanisa ya Jumapili. Kipkosgei akamnyamazisha. "Huyu hakuna mtu anaweza kumlipa," akasema. "Hiyo ndiyo shida." Kisha akatoka nje, akasimama topeni bila kofia. Mkutano ukavunjika wenyewe.

Bi. Nyambu alinijia. Nilitegemea aniambie nimemharibia kazi ya mwezi mzima.

"Nitaandika ulivyosema, Mwalimu. Naomba tarehe kamili, na jina la mtunzi kama unavyotaka lionekane."

Nikampa jina langu, nikamwambia aongeze kwamba neno moja ni la Jerono.

Baadaye nilikaa na Kipsang kwake. Tulizungumza lugha yetu, nafasiri.

"Nilijua baba hakuimba," akasema. "Baba alikuwa na sauti ya fisi."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema aliimba.

"Nilitaka awe aliimba." Akavuta blanketi. "Wewe ulikwenda shule, Noah, ukapata mahali pako. Mimi nimehamishwa mara tatu. Nimejenga nyumba tatu na kuziacha tatu. Siku Kipkosgei aliponiambia kuna makabila kumi yaliyopotea, na kwamba dunia nzima inayatafuta hadi leo, nikafikiri: ni jambo kubwa kupotea hivyo. Mimi kila nilipopotea, hakuna mtu aliyenitafuta."

Mara zote tatu alipohamishwa nilikuwa Kitale, nikisahihisha mitihani. Nilituma barua. Sikwenda.

Nikasema kwamba sasa, kwa kuwa ukweli umejulikana, tutatafuta vibarua Jumatatu tukate mahindi kabla hayajaoza.

"Hapana," akasema.

Nikadhani hakunisikia vizuri.

"Nimekusikia. Wimbo ni wako. Lakini mdomo uliotangaza shamba liko wazi ni wangu. Sikusema baba ametangaza, nilisema mimi Kipsang. Sellah amekwisha kuingia, na wengine wawili. Leo nimwambie, toka, mwalimu amesahihisha? Nitakuwa nani?"

Jelimo, aliyekuwa mlangoni, aliondoka akaenda jikoni. Tulisikia sufuria zikigongana.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Sikwenda ibadani.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Jelimo anasema magunzi ya chini yameanza kuota yakiwa kwenye bua, na mengine yana ukungu. Mahindi yenye ukungu ni sumu, hata kuku asipewe. Waliokuja kuchuma ni watatu tu. Hawawezi kumaliza ekari tano, na kila siku inapotea robo ekari. Nilisema nitampelekea magunia kutoka kwangu. Jelimo akasema Kipsang amekataa. "Anasema hajawa maskini wako."

Nimehesabu. Nyumba ile inahitaji magunia kumi na mawili hadi Agosti.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kidogo. Nimesoma tena Kutoka sura ya ishirini na tatu na Walawi ishirini na tano, neno kwa neno, kama nilivyowafundisha wengine kusoma. Mwenye shamba hatavuna. Maskini atakula, na mgeni atakula. Sioni mahali palipoandikwa mgeni apeleke wapi alichochuma.

Nimemwomba Jerono gunia na kamba.

Ijumaa, 14 Novemba

Mawingu, hakuna mvua. Nilifika Kapsokwony saa mbili na nusu. Sikupita nyumbani kwa Kipsang kusalimu. Nilivua viatu vya ngozi nikavaa vya mpira, nikaingia shambani kwa upande wa chini, gunia mgongoni, nikaanza kuchuma.

Si kazi ya umri wangu. Mabua yamelegea na ardhi ni tope. Ganda lililolowa halichaniki, lazima ulikate kwa kisu. Gunzi zima nililitia guniani, la ukungu nikalitupa. Baada ya saa moja nilikuwa nimejaza nusu.

Sellah aliniona kwanza. Alinyooka.

"Mwalimu? Hata wewe huna chakula?"

Nikasema ninachukua kama wengine.

Hakuuliza zaidi, lakini alinisogezea panga lake, lililo kali kuliko kisu changu. Walipita wanawake wawili barabarani, wanafunzi wangu wa zamani wote wawili, wakasimama. Mmoja akanong'ona, mwenziwe akamkanya. Niliendelea. Mtu huona haya mpaka gunia la kwanza. La pili mgongo unauma na hakuna nafasi ya haya.

Nililibeba gunia hadi mlango wa nyuma wa Jelimo, nikalitua.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu. Nimechuma kwa haki. Nakupa wewe."

Alilitazama gunia, akanitazama miguu iliyojaa tope hadi magotini. Kisha akavua aproni, akaingia ndani, akatoka na kikapu.

"Mimi siwezi kuchuma kwa bwana yangu," akasema. "Lakini Kipkosgei ana ekari mbili pale, na mimi kwa shamba ya Kipkosgei ni mgeni."

Akaondoka. Nilimwona akipanda kilima haraka, mwanamke wa miaka sabini.

Saa saba nilisikia mtu mwingine akivunja magunzi mistari mitatu kutoka kwangu. Alikuwa Kipkosgei. Hatukuwa tumezungumza tangu Jumamosi. Alikuwa na gunia na alichuma haraka, mara mbili yangu.

"Mama Jelimo amefika kwangu," akasema bila kunitazama. "Ameniambia hii mambo ya wageni. Hiyo iko wapi kwa maandiko?"

Nikamtajia sura na aya.

"Hii si wimbo?"

"Si wimbo."

Akachuma magunzi matano au sita.

"Hata hivyo, bado tutaimba," akasema. "Hiyo hatuachi. Watoto wanaijua." Nikasema sina mamlaka ya kuwakataza, na kwamba kiitikio chao ni kizuri. Hapo ndipo aliponitazama.

Alasiri Kipsang alitoka na fimbo yake, akasimama kwenye ua wa shamba. Nilikuwa kama hatua thelathini kutoka alipokuwa. Kwa macho yake nilikuwa kivuli chenye gunia.

"Nani yuko hapo?" akaita kwa lugha yetu.

Sauti yangu anaijua tangu nizaliwe. Nikamjibu, "Ni mgeni."

Alichomeka fimbo topeni.

"Umetoka wapi?"

"Kitale."

"Ni mbali," akasema. "Umekuja kutafuta nini?"

Niliweka gunia chini.

"Nimekuja kukutafuta wewe," nikasema. "Nimechelewa."

Kipkosgei aliacha kuchuma. Kisha kaka yangu akainua fimbo, akaonyesha upande wa juu wa shamba, ambako ardhi ni kavu zaidi.

"Chuma huko," akasema. "Huko hayajaoza."

Jumamosi, 15 Novemba

Sabato yao. Sikuchuma, kwa heshima. Jua kutwa.

Jumapili, 16 Novemba

Jua. Baada ya ibada nilimwomba Hiram gari lake la kubebea mbao. Akauliza ni la nini. Nikamweleza. "Kumbe Mwisraeli anahitaji Hiram," akasema, akaenda kuleta ufunguo. Yeye na Wacuka wamesema watakuja, na wao pia ni wageni kule.

Jumanne, 18 Novemba

Watu kumi na mmoja shambani kwa Kipsang. Wanne kwa Kipkosgei.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua imerudi, lakini tumemaliza yaliyofaa. Karibu nusu ya ekari tano ilikuwa imeharibika. Sellah amepata magunia manne. Ghala la Jelimo lina kumi na matatu. Kipsang hajavuna hata gunzi moja.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua, saa kumi. Tumeanza kupukuchua yetu. Msumari wa cheti bado uko ukutani. Jerono ametundika ungo hapo.